Weusi wa Marekani walivyokihama chama cha Lincoln

Haya ni mazungumzo ya juma hili kama yalivyosomwa redioni.



Juma lililopita, siku moja baada ya kipindi, mzee mmoja alinibana kwenye kibanda ninaponunua magazeti kila asubuhi. Aliitambua sauti yangu nilipokuwa nikiomba chenji. "Mwanangu," akaniambia, "ninyi watu wa redio mnasema kila siku kwamba weusi wa Marekani ni watu wa chama cha Democrat. Mimi mwalimu wangu alinifundisha kwamba Abraham Lincoln aliyevunja utumwa alikuwa mtu wa Republican. Sasa mwongo nani, wewe au mwalimu wangu?" Waliokuwa pale wakacheka. Nikamwambia, "Shikamoo mzee, wote tumesema kweli." Lakini basi lilikuwa limekwisha fika, nikapanda bila kumaliza maneno. Leo nalipa deni lake.

Kwanza nikiri kosa. Nilipokuwa nikisomea stashahada ya uandishi wa habari, niliandika katika daftari langu mstari mmoja tu juu ya jambo hili: Republican ni chama cha matajiri, Democrat ni chama cha maskini na weusi. Mstari huo nimeutumia miaka mingi kila uchaguzi wa Marekani unapofika. Si uongo mtupu, lakini ni kama picha iliyopigwa mara moja ya mtu anayetembea. Haionyeshi alikotoka wala anakokwenda.

Mwalimu wa yule mzee alisema kweli. Chama cha Republican kilizaliwa mwaka 1854, na jambo lililowaunganisha waanzilishi wake lilikuwa kupinga utumwa usienee katika majimbo mapya ya magharibi. Lincoln alichaguliwa mwaka 1860, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikazuka mwaka uliofuata, na vilipomalizika mwaka 1865 utumwa ulipigwa marufuku katika katiba. Mwaka 1870 katiba ilirekebishwa tena, ikakataza mtu kunyimwa kura kwa sababu ya rangi yake au kwa kuwa aliwahi kuwa mtumwa. Mwaka huo huo Hiram Revels wa jimbo la Mississippi akawa mtu mweusi wa kwanza kuingia katika Baraza la Seneti. Alikuwa Republican. Wakati huo, huko kusini, Democrat kilikuwa chama cha waliokuwa mabwana wa watumwa.

Mambo hayo hayakudumu. Mwaka 1877 majeshi ya serikali kuu yaliacha kuzilinda serikali za Republican zilizosalia kusini, na wazungu wa Democrat wakarudi madarakani, mara nyingi kwa bunduki na vitisho. Lakini bunduki zina kelele. Walitafuta njia ya kimya, na hapa ndipo umaskini na kura vilipofungwa kamba moja.

Mwaka 1890 Mississippi iliandika katiba mpya. Haikusema mahali popote kwamba mtu mweusi asipige kura, maana hilo lingegongana na katiba ya nchi. Ilisema tu kwamba mpiga kura awe amelipa kodi ya kichwa, dola 2 kwa mwaka, tena kwa miaka 2, na aonyeshe stakabadhi. Sisi huku jina la kodi ya kichwa tunalijua. Wazee wetu walidaiwa na mkoloni, na asiyelipa alikamatwa. Ile ya Mississippi ilikuwa na ujanja wa kinyume. Katiba ilikataza asiyelipa asishitakiwe! Hakuna aliyekuja kukugongea mlango. Ulikaa na dola zako mbili, ukanunua unga, na kura yako ikaenda na maji.

Juu ya kodi kulikuwa na mtihani. Mtu alitakiwa asome kifungu cha katiba, au akisomewa aeleze maana yake. Aliyesahihisha mtihani alikuwa karani mzungu, na hakuna aliyemsahihisha karani. Majimbo mengine yakaiga. Louisiana mwaka 1898 iliongeza kifungu kilichowasamehe mtihani wale ambao baba au babu zao walikuwa na haki ya kupiga kura kabla ya mwaka 1867, yaani wazungu. Katika jimbo hilo weusi walioandikishwa mwaka 1896 walikuwa zaidi ya 130,000. Kufika mwaka 1904 walibaki kiasi cha 1,300 tu.

Nami naomba tuliangalie jambo moja ambalo husahaulika. Kodi ile haikuchagua rangi. Wazungu maskini, wakulima wasiokuwa na mashamba yao wenyewe, nao walipoteza kura kwa maelfu. Mtego uliowekwa kwa ajili ya jirani uliwanasa na wao.

Sasa, weusi walihama lini? Hawakuhama siku moja. Tangu miaka ya vita ya kwanza ya dunia walianza kumiminika kwenda miji ya kaskazini kama Chicago, Detroit na New York, ambako waliweza kupiga kura. Uchumi ulipoanguka mwaka 1929, kazi zikapotea, na Rais Franklin Roosevelt wa Democrat alileta kazi za umma na misaada. Misaada hiyo haikuwa na usawa. Sheria ya mafao ya wazee ya mwaka 1935 iliwaacha nje wafanyakazi wa mashambani na watumishi wa majumbani, kazi ambazo ndizo zilizofanywa na weusi wengi wa kusini. Hata hivyo kilichofika kilikuwa zaidi ya kile ambacho chama cha Lincoln kilikuwa kikitoa wakati huo. Wahenga walisema, mla ni mla leo, mla jana kala nini? Mwaka 1936 weusi wengi walimpigia kura Roosevelt.

Hivyo kwa miaka karibu 30 Democrat ikawa nyumba moja yenye wapangaji wasiosalimiana: weusi wa kaskazini na wazungu wabaguzi wa kusini. Nyumba ilianza kupasuka mwaka 1948, Rais Truman alipoamuru ubaguzi ukomeshwe jeshini. Mwaka huo sehemu ya Wademokrati wa kusini walimsimamisha mgombea wao, Strom Thurmond, akashinda majimbo 4.

Paa liliporomoka mwaka 1964. Rais Lyndon Johnson, Mdemokrati kutoka Texas, alisaini sheria ya haki za kiraia iliyokataza ubaguzi katika hoteli, mikahawa na ajira. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Katika Seneti, Warepublican 27 kati ya 33 waliiunga mkono sheria hiyo, na Wademokrati 46 kati ya 67. Kwa uwiano, Republican ndio walioiunga mkono zaidi. Lakini mmoja wa wale 6 walioipinga alikuwa Barry Goldwater, aliyesema kuwa serikali kuu haina mamlaka ya kumpangia mwenye biashara. Majuma machache baadaye chama chake kilimsimamisha agombee urais. Alishindwa vibaya nchi nzima, akashinda jimbo lake la Arizona na majimbo 5 ya kusini, Mississippi ikiwemo. Ujumbe ulisomwa na pande zote mbili. Wazungu wa kusini waliona mlango umefunguliwa, wakaanza kuingia. Weusi waliona umefungwa. Tangu mwaka ule hakuna mgombea urais wa Republican aliyepata hata robo ya kura za weusi.

Mwaka 1965, baada ya waandamanaji kupigwa na askari kwenye daraja la Selma, Alabama, ilipita sheria ya haki ya kupiga kura. Mitihani ya makarani ikasimamishwa. Kodi ya kichwa ilikuwa imekatazwa katika chaguzi za kitaifa mwaka 1964, na Mahakama ya Juu ikaimalizia katika chaguzi za majimbo mwaka 1966. Kabla ya sheria hiyo, kati ya weusi 100 wa Mississippi waliostahili, walioandikishwa walikuwa chini ya 7. Kufika mwaka 1967 walikuwa karibu 60. Miaka miwili tu, ndugu msikilizaji! Watu wale hawakuwa wamegeuka wasomi wala matajiri. Kizuizi kilikuwa kimeondolewa.

Johnson huyo huyo alitangaza vita dhidi ya umaskini. Zikaja stempu za chakula, matibabu kwa maskini na wazee, na shule za awali kwa watoto wa maskini. Hapo ukazaliwa ubishi ambao haujaisha mpaka leo.

Warepublican wengi husema kwamba msaada usio na masharti humlemaza mtu, huvunja familia, na humfanya mpiga kura kuwa mateka wa chama kinachogawa. Wako weusi wenye msimamo huo, kama mwanauchumi Thomas Sowell, na si haki kuwaita wasaliti kwa kufikiri tofauti. Wademokrati hujibu kwamba misaada hiyo imewatoa mamilioni katika njaa, na kwamba hakuna anayemwita mkulima mkubwa anayepewa ruzuku kuwa mateka. Ronald Reagan, katika kampeni ya mwaka 1976, alipenda kusimulia habari za mwanamke wa Chicago aliyechuma fedha za serikali kwa majina mengi ya bandia. Hakuitaja rangi yake. Wapinzani wake walisema hakuhitaji kuitaja.

Lakini ukifikiri ubishi huu ni wa Republican upande huu na Democrat upande ule, utakosea kama nilivyokosea daftarini. Aliyesaini sheria ya mwaka 1996 ya kuweka kikomo cha miaka 5 kwa msaada wa fedha kwa familia na kudai watu wafanye kazi alikuwa Bill Clinton, Mdemokrati. Idadi ya waliopokea msaada ilishuka kwa zaidi ya nusu katika miaka michache. Wanaoisifu sheria hiyo huonyesha akina mama wengi walioingia kazini. Wanaoilaumu husema uchumi ulikuwa mzuri miaka ile, na waliokosa kazi baadaye walikosa na msaada.

Tena kumbuka kwamba umaskini wa Marekani si wa rangi moja. Mweusi ana hatari kubwa zaidi ya kuwa maskini, lakini kwa hesabu ya vichwa maskini wazungu ni wengi kuliko maskini weusi. Wilaya ya McDowell, West Virginia, nchi ya makaa ya mawe yenye wazungu wengi, ndiko zilikoanzia stempu za chakula za majaribio mwaka 1961. Kwa miaka mingi ilikuwa ngome ya Democrat. Mwaka 2008 ilimchagua Barack Obama. Mwaka 2016 karibu robo tatu ya waliopiga kura walimchagua Donald Trump. Stempu bado wanazihitaji, lakini migodi mingi imefungwa na wanayemlaumu amebadilika. Mtu maskini hapigi kura kwa tumbo peke yake.

Weusi nao si kundi la kondoo. Mwaka 2024 zaidi ya wanane kati ya kumi walimpigia kura Kamala Harris, lakini Trump aliongeza kura miongoni mwa wanaume weusi.

Na kura yenyewe je? Mwaka 2013 Mahakama ya Juu, kwa majaji 5 dhidi ya 4, iliondoa meno muhimu ya sheria ya mwaka 1965, ikisema inategemea hali ya zamani. Siku hiyo hiyo Texas ilitangaza kuanza kutumia sheria yake ya vitambulisho, iliyokubali leseni ya kubeba bastola na kukataa kitambulisho cha mwanafunzi. Wanaoitetea sheria ya namna hiyo husema kila mtu anataka uchaguzi usio na wizi. Wanaoipinga husema gharama ya cheti cha kuzaliwa, nauli na siku ya kazi iliyopotea humwangukia maskini. Watafiti wamegawanyika juu ya ukubwa wa athari zake, nami sitajifanya hakimu.

Lakini sikiliza habari ya Florida. Mwaka 2018 wananchi, karibu 65 kati ya kila 100, walikubali kuwarudishia kura wengi wa waliomaliza vifungo vyao. Mwaka 2019 bunge la jimbo, lenye Warepublican wengi, likaamua kwamba kumaliza kifungo ni pamoja na kulipa faini na ada zote za mahakama. Jaji mmoja alisema huko ni kulipia kura. Mahakama ya rufaa mwaka 2020 ikasema sheria ni halali. Kwa hiyo watu wawili wenye kosa moja na kifungo kimoja wanatoka gerezani. Mwenye fedha anapiga kura, asiyenazo anasubiri.

Mzee wangu wa kibanda cha magazeti, mwalimu wako hakuwa mwongo. Jina la Lincoln lilibaki pale pale mlangoni, ila ndani wapangaji walibadilishana nyumba. Nami mstari wa daftari langu nimeufuta. Mahali pake nimeandika swali, ambalo nitalibeba kila nitakaposoma habari ya sheria mpya ya uchaguzi, iwe ya Marekani au ya kwingineko: huyu asiyekuwa na dola mbili mfukoni, sheria hii inamwacha wapi?

Hadi juma lijalo, kwaherini.