Akiba ya Mbegu Huoza Isipopandwa
Kunde na maharagwe ya akina mama wa Sindo

Wahenga wetu walisema akiba haiozi. Msemo huu ni wa kweli kwa mwenye kuweka senti zake, au kwa mwenye kutia samaki chumvi akamngojea mgeni. Lakini iko akiba moja isiyoufuata msemo huo, nayo ni mbegu. Kunde iliyosahauliwa kibuyuni miaka mingi hufa ndani ya ganda lake, na mwenye kuifukia ardhini hungoja bure. Mbegu haiwekwi kama dhahabu. Huwekwa kwa kupandwa, ikavunwa, ikapikwa, ikagawiwa jirani, kisha ikapandwa tena.

Jambo hili hujulikana sana na akina mama walimao ukingoni mwa Ziwa Viktoria, katika sehemu za Sindo. Na sisi watu wa pwani, ambao futari yetu haikamiliki pasi na kunde au mbaazi za nazi, tuna haja ya kulisikiliza.

SINDO NI WAPI?

Msomaji aliyezoea Lamu, Malindi, Mombasa na Vanga huenda hajapata kufika Sindo. Ni mji mdogo wa Suba Kusini, katika kaunti ya Homa Bay, kusini mwa Mbita. Mbele yake liko ziwa, nyuma yake vipo vilima vya Gwassi, na jirani yake ni bonde la Lambwe. Biashara yake kubwa ni samaki: omena, mbuta na ngege. Lakini samaki hupikwa akaliwa na kitu, na ziwa nalo lina siku zake za kunyima. Siku hizo ndizo mwanamke hutazama shambani.

Wenyeji wa huko ni Waluo na Wasuba. Hawa Wasuba asili yao ni Wabantu waliotoka pande za Uganda, na lugha yao ya kale ni ndugu wa Kiswahili chetu. Leo wengi wao husema Kijaluo tu, kwa kuwa ndicho kilichokuwa lugha ya shule, ya kanisa na ya soko, na Kisuba kikabaki vinywani mwa wazee. Lugha hupotea pale mama asipoisema na mwanawe. Mbegu nayo hupotea vivyo hivyo: msimu mmoja haikupandwa, msimu wa pili ikaliwa yote kwa njaa, msimu wa tatu hakuna aikumbukaye hata jina.

HESHIMA YA MBEGU

Kwa Kijaluo mbegu huitwa kodhi. Katika mila yao mtu hakuamka tu asubuhi akaenda kupanda. Palikuwa na desturi iitwayo golo kodhi, yaani kuitoa mbegu. Mwenye mji na mke wake mkubwa ndio waliotangulia kutia mbegu ardhini. Wakafuata wake wenza kwa daraja zao, kisha wana na wake zao. Aliyeruka zamu alihesabiwa kuwa ameivunjia nyumba heshima, na watu wakaogopa msiba. Siku hizi wako waishikao desturi hiyo, na wako walioiacha kwa sababu ya dini au kwa kuwa mvua haingojei mtu. Lakini funzo lake li wazi. Mbegu ilikuwa na wenyewe, ilikuwa na mlinzi, na ilikuwa na siku yake.

Waluo pia wana saga, yaani kulimiana kwa zamu, kama vile Wamijikenda wa pwani walivyo na mweria. Leo leso na majembe hukutana katika vikundi vya akina mama. Kikundi hulima kipande kimoja, mara nyingi karibu na maji, ili mboga zipatikane hata mvua za masika, ambazo wao huziita chwiri, zikishakatika. Hupandwa kunde, ambazo wao huziita bo, pamoja na maharagwe, mchicha, mnavu na mgagani. Kila mmoja huja na mbegu yake, na kila mmoja huondoka na ya mwenziwe. Hapo ndipo ilipo faida kubwa ya bustani ya pamoja. Jua likiunguza shamba la mmoja, au mbuzi wakamalizia, mbegu ile ile ingali nyumbani kwa watu wengine watano.

KUCHAGUA NA KUWEKA

Mkulima hodari hachagui mbegu ghalani. Huichagua ingali shambani. Hutazama mmea uliotangulia kuzaa, usio na madoadoa wala ukungu, na uliostahimili jua. Huufunga uzi au kitambaa ili mtoto asije akachuma maganda yake kwa mboga. Maganda huachwa yakaukie juu ya mmea mpaka yalie yakitikiswa. Kisha huvunwa, hupurwa, hupepetwa kwa uteo, na mbegu zilizotoboka, zilizokunjamana au zenye madoa hutiwa kando. Ugonjwa wa mmea mara nyingi husafiri ndani ya mbegu, na mwenye kupanda mbegu yenye madoa hupanda maradhi ya mwaka ujao.

Kukauka kwake hupimwa kwa jino. Ukiiuma haragwe na jino likaacha alama, haijakauka. Ikivunjika kavu, iko tayari.

Adui mkubwa ni fukusi. Mdudu huyu hutaga mayai, mtoto wake akaingia ndani ya punje akaila, na mwenye mali hatambui mpaka aone tundu na unga. Dawa ya kale ni majivu ya kuni yaliyochekechwa vizuri, yakachanganywa na mbegu hata yakajaza nafasi baina ya punje. Wengine hupaka mbegu mafuta kidogo. Wengine hutia katika mtungi au jerikeni mpaka juu kabisa na kuziba kizibo barabara, ili mdudu akose pumzi. Zamani kibuyu kilitundikwa juu ya meko, moshi ukafanya kazi hiyo.

Haya si mageni kwa Mwislamu. Katika kisa cha Nabii Yusuf, amani iwe juu yake, tunasoma jinsi alivyoshauri mavuno yaachwe katika mashuke yake, isipokuwa kiasi kidogo cha kuliwa. Njaa ya miaka saba ilishindwa kwa elimu ya kuweka nafaka.

HARAGWE LISILOWEKWA NA MTU MMOJA

Kunde na maharagwe ya kawaida ni mimea ya haya. Ua hujichavusha lenyewe kabla halijafunguka sawasawa, kwa hiyo mbegu ya mama huyu hubaki ile ile hata jirani akipanda ya rangi nyingine hatua chache tu kando yake.

Ama liko haragwe jingine, kubwa, lipandalo juu ya miti, lenye maua mekundu kama moto. Asili yake ni nyanda za juu za Meksiko na Amerika ya Kati. Wazungu walipolipata walilipenda kwanza kwa maua yake, baadaye Waingereza wakazoea kula maganda yake mabichi. Hapa Kenya hupendelea nyanda za juu zenye baridi, na mashamba yaliyolipanda ili lipelekwe Ulaya kwa ndege yaliwasha taa usiku, kwa kuwa linataka mchana mrefu. Penye joto la ufuoni, iwe Sindo au Mombasa, huchanua vizuri kisha maua yakapukutika bila ya kuzaa.

Haragwe hili lina mafunzo. Lenyewe hutegemea nyuki. Nyuki atokaye kwa jirani huleta chavua ya jirani, na mbegu itakayovunwa itakuwa mchanganyiko. Mtu hawezi kuilinda aina yake peke yake. Yampasa apatane na wenziwe wapande aina moja, au waachane mbali. Kwa namna hiyo haragwe lenyewe huwalazimisha watu kufanya ujima.

NYUNGUNI

Mbegu isiyopikwa haina mtetezi. Huko Sindo mahindi makavu na maharagwe huchemshwa pamoja yakaitwa nyoyo, chakula cha mkulima na cha mwanafunzi, ambacho huliwa hivi hivi kwa chai au kikakaangwa kwa kitunguu. Sisi twakijua kwa jina la pure. Majani ya kunde, alot bo, hupikwa kwa magadi kidogo yalainike, kisha yakatiwa maziwa au samli, kwani nazi huko haipatikani kwa urahisi.

Maharagwe makavu, hasa mekundu na yale makubwa ya maua mekundu, yana sumu yakiwa mabichi. Yalowekwe usiku kucha, maji yale yamwagwe, kisha yatokote kwa moto mkali si chini ya dakika 10 kabla ya kupunguziwa moto. Kuyaacha juu ya moto mdogo tangu mwanzo ni kujitafutia tumbo la kuendesha.

Soko nalo lina amri yake. Maharagwe yaliyotolewa na watafiti wa Thika tangu miaka ya 1980, kama lile la madoadoa ambalo wengi huliita Nyayo, huzaa vizuri na huuzika upesi. Si vibaya kuyapanda. Ubaya ni kutupa yale ya nyanya kwa sababu mnunuzi hakuyauliza.

KIBABA NA SHERIA

Katika mwaka 1972 Kenya ilitunga Sheria ya Mbegu na Aina za Mimea, nayo ikarekebishwa mwaka 2012. Nia ya kumkinga mkulima na mbegu bandia ni njema. Lakini vifungu vyake vilimtia hatiani hata aliyeuza au kubadilishana mbegu zisizothibitishwa: kifungo cha hadi miaka 2, au faini ya hadi shilingi 1,000,000, au yote mawili. Hebu fikiri, msomaji. Mama ampaye jirani kibaba cha kunde, naye akapewa kibaba cha omena, angeweza kuitwa mhalifu. Na hali Katiba ya 2010, katika kifungu cha 11, imeagiza kutambuliwa na kulindwa kwa mbegu za asili.

Mwaka 2022 wakulima 15 walilipeleka shauri hilo katika Mahakama Kuu ya Machakos. Novemba 2025 mahakama iliamua kwamba vifungu vilivyomwadhibu mkulima kwa kuweka na kubadilishana mbegu zake vinapingana na Katiba.

Serikali ina hifadhi yake ya mbegu Muguga, iliyoanzishwa mwaka 1988, ambako aina nyingi hulala katika baridi kali. Ni kazi ya maana. Hata hivyo mbegu iliyolala Muguga haijui ukame wa mwaka huu wala mdudu mpya aliyeingia Lambwe. Ile ipandwayo kila msimu ndiyo ijifunzayo.

NA SISI JE?

Tuna fiwi, choroko, mbaazi na njugu mawe. Ni nyumba ngapi za pwani zina mbegu hizo leo, na ngapi hungojea gunia la dukani Ramadhani ikikaribia? Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alitufunza kwamba apandaye mmea, akala ndani yake mtu, ndege au mnyama, huandikiwa sadaka. Basi mwenye konzi ya fiwi za bibi yake na azipande mvua za masika zikianguka, na nusu ya mavuno ampe jirani. Siku ya kupotelewa na zake, atajua mlango wa kubisha.