Rangi ya Mgonjwa katika Hesabu ya Figo

Wagonjwa wawili nchini Marekani, wenye umri, jinsia na kiwango cha kreatinini kilekile: figo za mmoja zilikadiriwa kuchuja mililita 18 kwa dakika, za mwenzake mweusi karibu 21. Muda wa kungojea kupandikizwa figo huanza kuhesabiwa kwenye 20 au chini. Wa pili alibaki nje ya foleni, kwa kuwa fomula ya mwaka 2009 ilizidisha jibu la kila mtu mweusi kwa 1.159. Sababu iliyotolewa ilikuwa misuli; kilichoingizwa katika hesabu kilikuwa rangi.

Fomula ya 2021 imeiondoa. Mwaka huohuo jarida la JAMA lilimtaka mwandishi aeleze ni nani aliyewagawa washiriki kwa rangi au asili, kwa makundi gani, na kwa nini. Hilo la mwisho ndilo zito, na majarida mengi yalilipita kimya. Mhariri akilisisitiza, mtafiti hulazimika kupima alichokidhania tu. Uchujaji wenyewe ulipopimwa Uganda, Malawi na Afrika Kusini, matokeo yaliyochapishwa 2022 yalionyesha kwamba fomula za kreatinini zilikuwa zikiukuza uwezo wa figo.