Kigongo hadi Busisi bila kivuko

Ukitoka Shinyanga kwa barabara ya Mwanza, Usagara ndipo unapokata kushoto kwenda Sengerema na Geita. Zamani safari ilikwama Kigongo, kwenye gati la kivuko cha kwenda Busisi. Lori la saruji, basi la Bukoba, gari la mgonjwa anayekimbizwa hospitali ya Bugando, wote walingoja kivuko. Upepo ukichachamaa au magugumaji yakijazana gatini, mlizidi kukaa.

Tangu Rais Samia Suluhu Hassan alipozindua daraja, Juni 19, 2025, zile kilometa tatu za maji huisha kwa dakika chache. Jiwe la msingi liliwekwa Desemba 2019 na John Magufuli, mwana wa Chato aliyeijua vizuri adha ya kivuko. Hakuishi kulivuka, ila linaitwa kwa jina lake. Zaidi ya shilingi bilioni 700 zimetumika, fedha za serikali yenyewe. Wajenzi ni kampuni za China.

Wengi hudhani lote limening'inizwa kwa nyaya. Sivyo. Nyaya zipo katikati tu, karibu nusu kilometa, palipotakiwa nguzo ziachane sana ili vyombo vipite chini. Kwingine ni boriti juu ya nguzo, basi. Halafu minara yake ni mifupi. Daraja la Nyerere kule Kigamboni, nyaya zimeshuka kwa mwinuko mkali, zikiishika sakafu kutoka juu. Hapa zimelala, kazi yake zaidi ni kulibana zege kwa urefu lisipasuke, huku sakafu nene ikijibebea sehemu kubwa ya uzito. Daraja la Tanzanite, Dar es Salaam, limejengwa kwa mtindo huohuo. Anayetaka minara mirefu ya kupigia picha hataipata (mimi naona ufupi huo umelikaa vizuri).

Walioumia ni waliokula kwa foleni. Muuza mananasi na samaki wa kukaanga pale Kigongo alikuwa na wateja wasio na pa kwenda. Sasa wanampita na vioo vimefungwa. Hesabu za mradi huwa hazimtaji.

Kwa Shinyanga, jambo kubwa ni uhuru wa kuchagua njia. Anayekwenda Geita bado anaweza kupitia Kahama na Kakola, karibu na mgodi wa Bulyanhulu. Lakini dereva aliyekuwa akiikwepa njia ya Usagara kwa kuogopa kulala gatini, leo anaangalia mafuta na lami tu.