Sambusa Ikigeuzwa Bado ni Pembetatu

Kawangware, Nairobi, asubuhi, mandazi makubwa yaitwayo KDF yakiwa yameshaiva, chukua moja lililokatwa mraba umwonyeshe mtoto wa miaka minne au mitano. Likiwa limekaa kwa upande wake, atakwambia bila kusita: mraba. Lizungushe lisimame kwa kona, umwulize tena. Watoto wengi hapo hubadili jibu: sasa ni daimondi. Andazi ni lile lile, pande ni zile zile nne.

Mtoto huyo si mjinga. Mwaka 1957 walimu wawili wa hisabati Waholanzi, Pierre van Hiele na mkewe Dina van Hiele-Geldof, waliwasilisha tasnifu zao katika Chuo Kikuu cha Utrecht wakieleza kwamba jiometri huingia akilini kwa ngazi. Katika ngazi ya kwanza mtoto hutambua umbo kwa sura yake nzima, kama anavyomtambua shangazi yake akiingia mlangoni. Hahesabu pande wala kona. Kwenye ngazi ya pili ndipo anapoanza kuuliza: pande ni ngapi, zimenyooka, zimekutana zote? Na walisisitiza jambo ambalo wazazi hupenda kulisahau: umri peke yake haumpandishi mtoto ngazi. Kinachompandisha ni mafunzo.

Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1999 na Douglas Clements na wenzake ulionyesha ugumu uko wapi hasa. Watoto wa kati ya miaka mitatu na sita walipewa karatasi zenye maumbo mengi wachague. Duara halikuwasumbua. Kwenye pembetatu walipata takriban asilimia 60, na kwenye mstatili asilimia 54 tu. Baadhi walikubali umbo lenye pande zilizopinda kuwa pembetatu, huku wakiikataa ya kweli iliyo nyembamba au iliyopinduka.

Lawama yangu naielekeza kwenye chati. Zile za maumbo zinazouzwa madukani kwa kawaida huchora kila umbo mara moja tu: pembetatu ya pande sawa iliyokaa kitako, mstatili uliolala, tena kila moja na rangi yake. Mtoto akiziimba kila siku anakariri mkao, pengine na rangi, kisha sisi tunampigia makofi tukidhani amejua pembetatu.

Dawa si kumwagia watoto vifaa na kuwaacha, ingawa kuna wanaoamini hivyo. Mwaka 2013 Kelly Fisher na wenzake walichapisha jaribio la watoto wa miaka minne na mitano. Kundi moja lilielezwa na mtu mzima likisikiliza, lingine lilicheza huku mtu mzima akiuliza maswali na kuelekeza, la tatu lilicheza lipendavyo. Waliocheza kwa kuelekezwa ndio waliotambua vizuri zaidi hata maumbo yasiyo na sura ya kawaida. Swali la mtu mzima lina kazi kubwa kuliko kifaa.

Kwa Dagoretti hii ni habari njema. Eneo bunge la Dagoretti Kaskazini lina Kileleshwa na Kawangware pamoja, ghorofa za kifahari na shule za mabati. Mwenye pesa atanunua seti ya mbao ya Montessori kwa bei ya kukata pumzi. Ajabu ni kwamba Maria Montessori alianza mwaka 1907 San Lorenzo, mtaa wa mafukara jijini Roma, na siri ya maumbo yake ya mbao ilikuwa kidole cha mtoto kupita ukingoni: kinanyooka, kinafika kona, kinageuka. Kadibodi ya dukani iliyokatwa kwa wembe na mwalimu inatoa kona hiyo hiyo. Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa nchini Kenya mwaka 2019, nao unamruhusu mwalimu kutumia vitu vya mazingira yake.

Na mazingira yenyewe yamejaa hesabu. Simama Ngong Road, upande wa Dagoretti Corner, umtazame fundi wa fanicha akiunda fremu ya kitanda. Mbao zinazotazamana ameshazikata sawa. Kabla ya kukaza, anavuta tepu kutoka kona hadi kona ya mkabala, anasoma, kisha anapima kona mbili zilizobaki. Vipimo vikilingana, huo ni mstatili. Visipolingana, fremu imeenda upande, anaigonga kidogo na kupima tena. Akitaka meza ya duara, hupiga msumari katikati, akafunga uzi wenye penseli, akazunguka. Watoto wa PP2, mwaka wa pili wa chekechea, wanaweza kufanya hivyo hivyo uwanjani kwa kigingi, kamba na vumbi.

Kuna jaribio jingine ninalolipenda zaidi. Funga vijiti vitatu ncha kwa ncha kwa uzi, kisha vingine vinne. Mpe mtoto asukume. Vile vinne vitalala upande, mraba wake uharibike. Vile vitatu vikifungwa vizuri havitaki. Mwelekeze aangalie kenchi za paa la darasa lake, aone kwa nini fundi alijaza pembetatu. Kisha mpe vijiti viwili vifupi na kimoja kirefu kupita vyote viwili vikiunganishwa, umwombe aunde pembetatu. Atahangaika, na akikwambia mwenyewe kwa nini haiwezekani, ameshapanda ngazi.

Wachapishaji wa vitabu vya chekechea, tuchoreeni pembetatu zilizolala, zilizopinduka na nyembamba kama msumari, na kando yake muweke maumbo ya uongo ili mtoto ayakatae na kutoa sababu. Nawe mzazi, leo jioni kabla sambusa haijaliwa, igeuze ncha chini, uulize kama bado ni pembetatu, na usikubali jibu lisilo na "kwa sababu".