Ikirari ya Mateka

Mtu afunguapo riwaya ya ujasusi hutazamia bastola, hila na watu wakimbiao usiku. Nami, ambaye fasihi ya nathari ndiyo kazi yangu, niliifungua Code Name Verity ya Elizabeth Wein, iliyotoka mwaka 2012, kwa matazamio yayo hayo, nikamkuta badala yake binti wa Kiskoti, mateka katika hoteli iliyogeuzwa gereza na polisi wa siri wa Kijerumani, katika Ufaransa ya mwaka 1943, ameketi anaandika.

Kosa lililomtia mikononi mwa adui ni dogo hata moyo huuma kulisoma: alipotaka kuvuka njia alitazama upande usiopasa, kwani kwao magari hushika kushoto na Ufaransa hushika kulia. (Sisi wa Mombasa na Unguja tungenaswa kwa kosa lilo hilo.) Amekwisha kuteswa, amekwisha kuyatoa mafumbo ya simu za upepo ili arudishiwe nguo zake, na sasa amepewa muhula na karatasi aandike yote ayajuayo juu ya ndege za Waingereza. Msomaji humhukumu papo hapo kuwa ni msaliti.

Hukumu hiyo ya mwanzo mtunzi ameikusudia, na hapo ndipo ilipo sanaa yake. Wahakiki humwita mtu wa namna hii msimulizi asiyeaminika. Lakini istilahi hiyo haitoshi, maana msomaji wa kwanza wa ikirari hii si mimi wala wewe, bali ni von Linden, ofisa amhojiye, na kila sentensi imepita mbele ya macho yake kabla ya kutufikia, hata tukalazimika kuuliza kila mara lipi limeandikwa kwa ajili yake na lipi limepenyezwa chini ya pua yake.

Aliulizwa habari za ndege. Yeye anasimulia habari za Maddie, sahibu yake, mjukuu wa mwenye duka la pikipiki huko Stockport, rubani aliyempeleka Ufaransa. Nafsi yake mwenyewe anaitaja kwa jina la utani, Queenie, kana kwamba ni mtu wa mbali. Mmoja ni wa nasaba ya makabaila, mwingine ni wa ukoo wa Kiyahudi wa wachuuzi, na lau si vita wasingalijuana kamwe.

Wein mwenyewe ni rubani, na ujuzi huo wadhihirika katika kila ukungu na kila mngurumo wa injini. Maddie hurusha ndege chini ya Air Transport Auxiliary, idara ya kweli iliyokuwa na wanawake zaidi ya 160 waliopeleka ndege kutoka viwandani hadi vituoni, wakipata tangu mwaka 1943 mshahara sawa na wa wanaume. Rubani mashuhuri Amy Johnson alifia katika kazi hiyo mwezi wa Januari, 1941. Upande wa majasusi nao una ukweli wake: idara ya siri ya Waingereza iliyoanzishwa mwaka 1940 ilipeleka Ufaransa, kupitia kitengo chake kimoja, wanawake 39, na 13 hawakurejea. Miongoni mwao alikuwa Noor Inayat Khan, mwanamke Mwislamu mwenye asili ya Kihindi, mwandishi wa hadithi za watoto, ambaye wakufunzi wake walimtilia shaka kuwa hafai kazi hiyo. Alipokamatwa mwezi wa Oktoba, 1943, hakuwaambia Wajerumani lolote walilomhoji, nao wakamuua Dachau mwezi wa Septemba, 1944.

Mateka wa riwaya ameonyeshwa picha za ndege iliyomleta, imeungua pamoja na rubani wake. Tangu nilipofika hapo sikuweza tena kuisoma ikirari ile kama ikirari. Naisoma kama marthia, iliyoandikwa mbele ya adui na kwa wino wa adui, na karatasi za hoteli zilipokwisha akaendelea kwenye fomu za dawa za daktari wa Kiyahudi, kisha kwenye karatasi za muziki wa filimbi, na jina la Maddie bado limo.