Punje ya Hindi na Yai la Kuku

Punje ya hindi na yai la kuku vina kazi moja: kubeba kiinitete pamoja na akiba ya chakula chake cha siku za mwanzo. Vyote huanzia kwenye meiosisi, mgawanyiko wa seli unaopunguza kromosomu kwa nusu. Seli ya kawaida ya mahindi ina kromosomu 20, na seli yake ya uzazi 10. Kwa kuku ni 78 na 39. Utungisho, yaani kuungana kwa seli ya kiume na ya kike, hurudisha idadi kamili.

Kuku huwa jogoo au mtetea tangu utungisho, na kromosomu inayoamua jinsia hutoka kwa mama. Mahindi hayana mgawanyo huo. Mmea mmoja hubeba maua ya kiume kwenye mbelewele kileleni, na maua ya kike kwenye gunzi ubavuni mwa shina.

Mbegu za kiume za jogoo huogelea kwa mkia. Mtetea huzihifadhi katika vijirija ndani ya mfereji wa mayai, hivyo akipandwa mara moja anaweza kutaga mayai yaliyotungishwa kwa takriban wiki mbili. Mbegu za kiume za mahindi hazina mkia. Chavua hupeperushwa na upepo, hunasa kwenye ndevu za hindi, kisha huotesha mrija unaozipeleka mbegu hizo mpaka ndani. Kila unyuzi wa ndevu huishia kwenye ovuli moja, na ovuli moja hutoa punje moja.

Ni kwenye akiba ya chakula njia zinapoachana kabisa. Mtetea hujaza kiini cha njano kabla ya utungisho, na asipokutana na jogoo hutaga vilevile. Mmea wa mahindi husubiri. Mrija wa chavua hufikisha mbegu mbili za kiume: moja huungana na yai na kuwa kiinitete, nyingine huungana na viini viwili vya seli ya kati na kuanzisha endospermi, sehemu yenye wanga inayosagwa kuwa unga. Endospermi hiyo ina kromosomu 30: 20 za mama na 10 za baba. Utungisho huo maradufu uligunduliwa na Sergei Nawaschin mwaka 1898. Ovuli isiyotungishwa haipewi chakula. Huacha pengo kwenye gunzi.

Kwa sababu hiyo, mchango wa baba huonekana mapema kwenye punje. Mahindi meupe yakipata chavua ya mahindi ya njano yaliyo jirani, punje za njano hujitokeza msimu huohuo. Kwenye yai la kuku, kiini cha njano, ute na gamba ni kazi ya mama peke yake. Rangi ya jogoo haibadilishi gamba.

Viinitete vyote viwili vinaweza kusimamisha ukuaji. Cha kuku huanza kukua yai likiwa bado ndani ya mtetea, husimama likipoa baada ya kutagwa, na huendelea likiatamiwa mpaka kifaranga kianguliwe baada ya siku 21 hivi. Mapumziko hayo yakizidi siku chache, uwezo wa kuanguliwa hupungua. Kiinitete cha hindi hukauka pamoja na punje, na kikihifadhiwa pakavu husubiri mvua ya msimu ujao.