Motokaa ya Kuvuta Nyumba

Sisi tukaao karibu na barabara kuu itokayo Mombasa kwenda Kampala tumezoea kuona malori marefu ambayo vichwa vyake huweza kuachana na trela. Nyuma ya kichwa pana sahani nene ya chuma yenye mwanya, na chini ya trela pana pini. Pini huingia mwanyani, kufuli hujifunga, na safari huanza. Sahani hiyo Waingereza huiita gurudumu la tano. Jina limetoka katika magari ya farasi, ambayo juu ya ekseli ya mbele yalikuwa na duara la chuma lililolazwa, ili ekseli ipate kugeuka.

Huko Marekani kiungo hiki si cha malori tu. Watu wa kawaida hukitumia kuvuta nyumba kamili, yenye vitanda, jiko na choo, kwa pikapu zao wenyewe. Sahani hufungwa ndani ya bodi, juu ya ekseli ya nyuma au mbele yake kidogo. Mwanafunzi aliyesoma habari za wenzo ataona faida yake mara moja. Trela ya kawaida hufungwa nyuma kabisa ya gari, na uzito wake, ukikandamiza mkia, huinua magurudumu ya mbele, hata usukani ukawa mwepesi. Uzito uliowekwa juu ya ekseli hauna nafasi ya kufanya hivyo.

Basi mtu achague pikapu gani? Mnunuzi mgeni huuliza kwanza, "Yaweza kuvuta uzito gani?" Swali si baya, nayo matangazo hulijibu kwa herufi kubwa. Lakini mimi naona la kwanza ni hili: yaweza kubeba uzito gani mgongoni?

Na tupige hesabu, kwa ratili kama Wamarekani wenyewe. Tuseme trela, pamoja na maji, vyakula na nguo, ina ratili 14,000, yaani zaidi kidogo ya kilo 6,300. Uzito uangukao juu ya pini huwa baina ya 15 na 25 katika kila mia. Tukichukua 20, tunapata ratili 2,800. Tuongeze 200 za kiungo chenyewe, 500 za baba, mama na watoto wawili, na 100 za sanduku la vyombo. Jumla 3,600. Sasa tuchukue pikapu ambayo mtengenezaji amesema uzito wake wote usizidi 10,000, nayo ikiwa tupu ina 7,700. Nafasi iliyobaki ni 2,300 tu! Injini yake huenda ikaivuta trela ile bila kunung'unika, na hapo ndipo penye hatari, kwa kuwa dereva hasikii lo lote. Wanaosikia ni matairi, yanayopata moto hata kupasuka, na springi zilizolala. Karatasi ndogo iliyobandikwa mlangoni pa dereva huonyesha uzito wa watu na mizigo ulioruhusiwa. Mnunuzi aisome hiyo kabla ya kutoa fedha.

Kwa trela kama hii yafaa pikapu kubwa zaidi, yenye matairi manne nyuma, iliyoruhusiwa ratili 14,000. Ikiwa tupu ina 8,500, zimebaki 5,500. Matairi manne pia huizuia isiyumbe upepo upigapo ubavuni. Hasara yake ni upana, maana kuiegesha mjini ni taabu.

Injini ya dizeli hupendwa kwa sababu ina nguvu nyingi hata ikizunguka polepole. Lakini ni nzito kuliko ya petroli, na uzito huo hula nafasi ya mizigo. Tena mlima si kupanda tu. Katika Colorado, barabara ipitayo handaki la Eisenhower, lililofunguliwa mwaka 1973, hufika zaidi ya futi 11,000 juu ya bahari, kisha huteremka. Mguu ukiondolewa kwenye mafuta, dizeli peke yake haizuii gari sana, kwa hiyo breki ya ekzosi ni ya lazima. Trela nayo ina breki zake za umeme, ambazo hujikaza zenyewe ikikatika.

Urefu wa bodi usisahauliwe. Bodi ya futi 8 ni salama. Katika bodi fupi, pembe ya trela huweza kuvunja kioo cha nyuma gari likikata kona kali, isipokuwa kiungo kiwe cha kutelezeshwa nyuma.

Kisha, gari likiisha kupakiwa na familia imo ndani, lipelekwe kwenye mizani ya malori. Kwanza zipimwe ekseli za pikapu, kila moja peke yake, ndipo zipimwe za trela.